Mkate wa Pangoni

Kuna watu wakiona foleni hujipanga. Delmar Pruitt, akiona foleni, huenda mbele kabisa kutazama ni nani anayepokea pesa. Ndivyo alivyokuwa tangu kwao Oklahoma, na ndivyo alivyofanya Jumamosi ile aliyoingia Boulder, gari lake likikohoa kama mzee wa pumu, na yeye mwenyewe akiwa ametimuliwa Tulsa kwa ajili ya vichujio vya maji ambavyo, ilivyokuja kujulikana, havikuchuja chochote.

Foleni ilikuwa kwenye soko la wakulima, kando ya kijito. Waliojipanga walikuwa na afya hadi inachosha kuwatazama: vigimbi vimejaa, meno meupe, viatu vya kukimbilia vya bei ya kodi ya nyumba. Mbele yao mama mmoja mwenye aproni alikuwa akichota kitu kwenye sufuria kubwa na kukimimina katika vikombe vidogo vya karatasi.

"Nini hiyo?" Delmar akamwuliza mwanamume aliyekuwa karibu.

"Supu ya mifupa."

"Mifupa na nyama?"

"Mifupa mitupu. Imechemka tangu juzi."

Delmar akatazama bei iliyoandikwa kwa chaki. Kwa kikombe kile kimoja, kwao Oklahoma mtu angekula akashiba, yeye na mgeni wake. Bibi yake, Mungu amrehemu, mifupa ya namna ile aliwatupia mbwa, na mbwa wenyewe walikuwa wakiinusa kwanza.

Akadodosa hapa, akasikiliza pale, na jua lilipofika utosini alikuwa ameshaelewa. Mji huu, au tuseme ile sehemu yake yenye pesa, ulikuwa umeingia paleo. Maana yake ni kula kama walivyokula watu wa mapangoni kabla jembe halijabuniwa: nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, lozi. Ngano haramu. Mchele haramu. Maharage, mahindi, maziwa na sukari vyote haramu, na mtu aliyekamatwa na andazi alitazamwa kama aliyekamatwa na mke wa mchungaji.

Delmar akavua kofia kwa heshima. "Watu wanaolipa ili wasile," akajisemea. "Nimefika nyumbani."

Haikupita muda Delmar Pruitt akatoweka duniani. Badala yake akatokea Thorne, jina moja tu, bila la baba, kama mtume au farasi wa mashindano. Thorne alifuga ndevu. Thorne hakuvaa viatu, hata mahali palipomwagwa kokoto, jambo lililomgharimu maumivu mengi ya siri. Alikaa juu ya ngozi ya kondoo, ambayo dukani ilikuwa imeandikwa kuwa ni ya mbwa wakubwa. Na alieleza, kwa sauti ya chini inayomlazimisha mtu asogee, kwamba aliwahi kupanda milimani akiwa na magoti mabovu na ini kama sponji, akakaa huko miaka akila alichopewa na mlima, akashuka akiwa kama swala.

"Na nani aliyekufundisha kupika?" watu wakauliza.

"Njaa," Thorne akajibu.

Jibu kama hilo, ukilitoa ukiwa na viatu, watu wanacheka. Ukilitoa ukiwa peku, wanakualika nyumbani.

Wa kwanza kumwalika alikuwa Bi Gretchen Vandersloot, mwenye jiko kubwa kuliko kanisa alilobatizwa Delmar. Bi Gretchen alikuwa ameongoka kwenye paleo kama wengine wanavyookoka: jumla, kwa sauti, na kwa niaba ya familia nzima. Mume wake, Lyle, daktari wa meno mstaafu, alikuwa mtu mpole mwenye macho ya mbwa aliyefungwa nje ya bucha.

Jioni ile Bi Gretchen aliandaa. Paliletwa "wali", ambao ulikuwa koliflawa iliyosagwa. Zikaletwa "tambi", ambazo zilikuwa boga changa lililochanwa nyuzinyuzi. Juu yake paliwekwa nyama ya nyati, ambayo, kusema haki, ilikuwa nyama ya nyati.

"Bwana Lyle, unazionaje tambi?" Thorne akauliza kwa adabu.

"Ni boga," Lyle akasema.

"Mpenzi, ni tambi," Bi Gretchen akasema.

"Ndiyo, mpenzi. Ni tambi za boga." Lyle akazizungusha kwenye uma. "Yaani boga."

Thorne alirudi zake akiwa na njaa, akasimamisha gari mbali na macho ya watu na kula donati, akifikiri. Mtu aliyeacha pombe kwelikweli, aliwaza, hachezei chupa tupu. Na mtu anayeivalisha koliflawa kanzu ya wali hajauacha wali, anaulilia. Watu hawa walikuwa wameuaga mkate kwa mdomo tu, mioyo yao ingali msibani. Je, mtu akija kuwafufulia marehemu?

Hapo ndipo ulipozaliwa Mkate wa Pangoni.

Nitawapa namna ya kuupika, kwa kuwa si siri tena. Chukua unga wa ngano. Delmar aliununua Greeley, mji wa mbali kidogo ambako watu wanakula mkate bila kuomba radhi. Tia hamira, chumvi, yai na maji ya vuguvugu. Ongeza kahawa kidogo, upate weusi wa kale. Kanda, acha uumuke, nyunyizia juu lozi zilizopondwa, oka juu ya jiwe bapa mpaka uungue kidogo chini, kisha uufunge kwenye majani ya mzabibu. Ni mkate. Ni mkate kama mikate yote tangu Farao. Jiko alikodishiwa na kanisa moja dogo kwa saa za asubuhi, mchungaji akiamini kwamba mtu huyu anawapikia wenye shida. Kwa maana fulani, hakuwa amekosea.

Siku alipoufungua ule mkate kwenye bustani ya Bi Gretchen, mbele ya marafiki wake wote, walisogea kama wanaokwenda kupokea komunyo. Kila mtu akapewa kipande. Wakatafuna. Bodie Kessler, mwenye ukumbi wa mazoezi, mwanamume anayebeba tairi la trekta kwa hiari yake mwenyewe, akatokwa na machozi.

"Hakuna ngano humu?" Bi Gretchen akauliza, mkono kifuani.

"Ngano?" Thorne akashtuka kama aliyeulizwa iwapo ametia mjusi. "Ni mzizi."

"Mzizi gani?"

"Jina lake silitaji. Niliuahidi mlima."

Nani atamwambia mtu avunje ahadi aliyoupa mlima? Wakaomba waongezewe. Na kesho yake habari zikaanza kuja: fulani amelala usingizi wa mtoto, fulani magoti yameacha kumuuma, fulani, ambaye hapo nyuma hakusemezana na mama mkwe wake, amempigia simu. Mkate ukapanda bei. Thorne akasikitika hadharani kwamba mzizi unachimbwa kwa shida, nao ukapanda tena. Pesa zikaja kwa mikono ya watu wanaoshukuru, ambazo ndizo pesa tamu kuliko zote, na Delmar, asiyeziamini benki kwa kuwa anajua zinavyofikiri, akazishindilia kwenye mtungi wa udongo ulioandikwa "Mafuta ya Nyati".

Ndipo akaja Ramona Szabo.

Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani mikubwa na kazi ya kuuza nyumba. Mtu aliyewahi kukiita choo cha nje "chumba cha utulivu chenye hewa ya mlima", tena akakiuza, si mtu wa kughilibiwa. Bi Gretchen alimleta bustanini akimshika mkono kama anayempeleka kuombewa.

"Thorne, huyu ni Ramona. Tangu utotoni chembe ya ngano ikimgusa tumbo, analazwa hospitali. Hajawahi kula mkate maishani mwake! Nimemwambia siku zake za kilio zimekwisha."

"Nipe mmoja," Ramona akasema, akifungua mkoba.

Delmar alikuwa amewahi kuwaibia wajane, wachungaji, na mara moja hakimu. Lakini alimtazama yule mama, mifupa ya mikono yake kama ya ndege, na kitu ndani yake kikagoma kama punda.

"Imeisha, mama," akasema.

"Na huo?"

"Huo una mwenyewe."

"Na ule pale?"

"Ule... haujapoa."

"Nitaungoja upoe."

"Haupoi leo."

Bi Gretchen akakodoa macho. "Thorne! Unasema nini?"

"Mzizi unamchagua mtu," Thorne akasema, jasho likimtoka kwenye ndevu. "Haujamchagua dada huyu. Labda mwezi ujao. Labda mwaka ujao. Mama, nenda ukale nyama."

Wengine walidhani ni hekima. Ramona hakudhani hivyo. Akafunga mkoba wake taratibu, akamtazama Thorne kwa muda, akaaga.

Asubuhi iliyofuata Delmar alikuwa kwenye jiko la kanisa, unga hadi viwikoni, aliposikia mlango. Ramona alikuwa amesimama kizingitini, kitambaa amekibana puani ili vumbi la unga lisimfikie.

"Kumbe mlima uko Greeley," akasema, akisoma maandishi kwenye gunia.

Delmar akafungua mdomo. Alikuwa na uongo wa kila hali, lakini gunia lilikuwa limeandikwa kwa herufi kubwa sana.

"Umegunduaje?"

"Mwongo asiye na roho angeniuzia. Mganga wa kweli angeniuzia. Wewe ulikataa. Sasa niambie, kwa nini hukuniuzia?"

"Mimi ni mwizi, mama," Delmar akasema, akijifuta mikono. "Si muuaji."

Ramona akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa nyumba mbovu akakuta chumba kimoja kizuri. "Nataka nusu," akasema.

"Nusu ya nini?"

"Usinichoshe. Nusu, ama naenda kwa Gretchen sasa hivi, na Bodie Kessler anakuja hapa na lile tairi lake."

Basi wakawa washirika. Na lazima isemwe: Delmar hakuwahi kupata mshirika kama yule. Ramona alikuwa na funguo za nyumba tupu za nusu ya mji, na kabla ya kumwonyesha mnunuzi nyumba alihakikisha Mkate wa Pangoni unaokwa ndani yake, mpishi akiwa Delmar, jiko likiwa la mtu mwingine. Wanunuzi waliingia, wakanusa, wakauliza pa kutia sahihi. Nyumba zikauzika, mikate ikauzika. Ramona mwenyewe alikaa nje ya madirisha, mbali na vumbi, akila tufaha.

"Unanusa tu, huli," Delmar alimwambia siku moja. "Huumii?"

"Nimezoea," akasema. Kisha akauliza, kana kwamba swali halina uzito: "Hivi, huo mzizi wako, ulimaanisha mzizi gani hasa?"

"Hakuna mzizi, Ramona."

"Najua hakuna. Ila ungekuwepo, ungekuwa mzizi wa namna gani?"

"Mweupe," Delmar akasema, maana uongo kwake ulikuja wenyewe kama kikohozi. "Mkubwa. Wenye wanga. Wa kusaga." Akacheka. Ramona hakucheka.

Siku ya balaa ilikuwa ya jua zuri. Thorne alikuwa bustanini kwa Bi Gretchen, akiwafundisha watu kuchoma mbavu za nguruwe kwa asali ya porini, alipoingia bwana mmoja mrefu, tai imekaza, kibegi mkononi, uso kama jiwe la kaburi.

"Nani anapika mkate huu?" akauliza.

"Mimi, ndugu yangu," Thorne akasema kwa upole.

"Mimi si ndugu yako. Natoka kwenye mambo ya afya." Akachukua kipande kwa koleo ndogo, akakitia katika mfuko unaoonyesha, akaufunga, akaandika kitu juu yake, akamtazama Thorne miguu hadi ndevu. "Maabara itasema," akasema, akaondoka.

Ubavu wa nguruwe ukaanguka motoni. Thorne akaomba udhuru, akasema mlima unamwita, akakimbilia kanisani juu ya kokoto bila hata kuhisi. Ramona alikuwa ameshafika, anahema.

"Nimesikia. Majibu yanatoka leo hii hii. Delmar, haya si mambo ya kulipa faini. Kuna watu wamekula huu mkate wakidhani ni dawa!"

"Naondoka. Mtungi wangu uko wapi?"

"Na mtungi huo utaupitisha wapi? Barabara ya kaskazini watakusimamisha. Mtu peku, ndevu hadi kifuani, na chungu cha pesa. Utawaambia nini? Kwamba ulikuwa unasali?"

Delmar akakaa juu ya gunia.

"Nisikilize," Ramona akasema, akapunguza sauti. "Mimi nauza nyumba. Hakuna anayenisimamisha. Niachie mtungi. Wewe vuka mpaka uingie Wyoming, nenda Cheyenne, pale kwenye mgahawa ulio kando ya kituo cha mafuta. Ijumaa nakuletea chako chote."

Sasa hebu tuiheshimu akili ya Delmar, iliyofia hapo hapo. Maneno haya, "niachie mimi, nitakuletea", Delmar aliwahi kuyasema kwa karibu nusu ya Oklahoma. Aliyasema kwa wakulima, kwa walimu, kwa mjomba wake mwenyewe. Aliyajua kama mtu anavyojua sura ya mama yake. Lakini kinyozi hajinyoi. Alimshika Ramona mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlenga, akamwambia, "Mungu akubariki," akamkabidhi mtungi, akaondoka na lile gari lake la pumu.

Cheyenne aliketi dirishani pa mgahawa. Ijumaa ikaja. Akaagiza chapati za maji zenye shira, akatazama barabara. Ijumaa ikaondoka. Jumamosi akapiga simu, namba haipatikani. Jumapili akapiga kutoka simu ya mgahawa. Ikaita mara moja, ikakatwa na mtu mzima mwenye akili timamu. Jumatatu, akiwa na kipande cha chapati mdomoni, akakumbuka uso wa yule bwana wa maabara. Alikuwa amewahi kuuona. Mwezi wa Pasaka, kwenye ubao wa lile lile kanisa, palikuwa na picha za mchezo wa mateso, na bwana yule alikuwa Pilato. Chini yake liliandikwa jina lake la ukoo. Szabo, lile lile la Ramona.

Delmar alimeza kile kipande kwa shida. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwa amekifanya siku nyingi: akacheka kwa dhati, mpaka mhudumu akamletea maji. Alipomaliza kucheka akakasirika. Akanyoa ndevu, akanunua viatu vya mitumba, na asubuhi ya Jumamosi akashuka kurudi Boulder kudai haki yake, kama mtu yeyote aliyeibiwa alichokiiba.

Sokoni kulikuwa na foleni. Aliiona toka mbali, akaenda mbele kabisa kutazama ni nani anayepokea pesa. Alikuwa Ramona, aproni safi, nyuma yake kitambaa kikubwa kimechorwa unyayo wa mtu. Chini ya unyayo: MKATE WA THORNE.

"Thorne mwenyewe yuko wapi?" mteja alikuwa anauliza.

"Amerudi mlimani," Bi Gretchen akajibu kabla Ramona hajajibu, macho yamemlegea. "Aliitwa. Niliuona uso wake siku ile, aliacha hata mbavu motoni."

"Sikurudi mlimani!" Delmar akapaza sauti. "Niko hapa! Mimi ndiye Thorne!"

Foleni nzima ikamtazama: kidevu chekundu kilichotoka kunyolewa, viatu vya mitumba, shati lenye shira.

"Thorne havai viatu," mtu akasema.

"Thorne hapigi kelele," mwingine akasema. "Kaka, jipange kama wenzako."

Hapo Delmar alipandwa na jambo ambalo halikuwahi kumpanda. Aliamua kusema kweli. Akapanda juu ya kreti ya matufaha. "Nisikilizeni! Mmeibiwa! Mkate huu ni wa ngano! Ngano tupu, ngano ya Greeley, niliikanda kwa mikono hii! Hakuna mzizi, hakuna mlima, hakuna chochote!"

Nyuso zikageuka kumtazama Ramona.

Ramona alichukua mkate uliokuwa mbele yake, akaukata, akapaka samli, akaupeleka mdomoni. Bi Gretchen akapiga ukelele mdogo. Ramona akatafuna bila haraka, akameza, akakata kipande cha pili. Watu wote pale walijua chembe ya ngano ingemfanyia nini mama yule. Walimtazama akila, wakamtazama akijilamba samli kidoleni, na mmoja akaanza kupiga makofi.

"Aibu!" Bodie Kessler akamwambia Delmar. "Mtu mzima, unamsingizia mama wa watu!"

Delmar akashuka kwenye kreti. Siku moja maishani alikuwa amesema kweli, kwa sauti, mbele ya mashahidi, na kweli yenyewe ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Akazunguka nyuma ya kibanda. Ramona akamfuata, akimwacha Pilato, aliyevaa aproni, akihudumia wateja.

"Unga gani?" Delmar akauliza.

"Muhogo."

"Muhogo ndio nini?"

"Mzizi. Mweupe, mkubwa, wenye wanga, wa kusaga. Ulivyouimba huo mzizi, nikaenda kuutafuta. Watu wengine duniani wanaula kila siku na hata hawajisifu." Akampa kipande. "Onja."

Delmar akaonja. Alitaka kuutema, lakini ulikuwa mzuri. Mzito kidogo, laini katikati. Alipoinua macho aliona kwamba miwani ya Ramona imeingia ukungu.

"Mara ya kwanza kula," Ramona alisema, "nilikula mzima, nimesimama, jikoni peke yangu. Umri wangu huu."

Delmar alimalizia kipande chake, kwa adabu. Kisha akasema, "Na pesa zangu?"

"Zako? Askari yule pale, ananunua karoti. Mwite, umweleze ulizipataje."

"Ramona, hata kidogo?"

"Zimekuwa tanuri, Delmar. Na ukitaka kujua, ungeniuzia ule mkate siku ile, ningekufunga jela. Kwa hiyo ulitoka na faida." Akamgusa bega, si kwa ubaya, akarudi kwa wateja wake.

Delmar alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kijito, akiyasimulia mawe hasira zake, alipokuja kukaa kando yake Lyle Vandersloot. Daktari alitazama nyuma mara kadhaa kama mtu anayenunua bangi.

"Nilikutambua kwa sauti," Lyle akanong'ona. "Mimi kwetu Kansas. Baba alikuwa na kinu. Nilijua ni ngano kabla sijameza."

Delmar akamgeukia. "Mbona hukusema?"

"Niseme? Miaka naishi na koliflawa, Mungu ananiletea mwizi mwenye mkate, halafu mimi nimfukuze?" Uso wake ukakunjamana. "Sasa huyu mama amekuja na uaminifu wake. Muhogo! Mzuri, sikatai. Lakini si mkate wa mama yangu. Bwana, unaweza kuoka tena? Ule ule? Nitalipa. Na siko peke yangu. Kuna wanaume."

Kwa hiyo, msomaji, ukifika Boulder, nyuma ya gereji ya matairi iliyo upande wa mashariki wa mji, kuna mlango usio na maandishi. Gonga. Utafunguliwa na bwana mnyofu, hana ndevu, ana viatu. Anauza mkate wa ngano, na ukimwuliza ni mkate wa nini, anakuambia ni wa ngano. Haongezi neno, hapunguzi. Ni biashara ya kwanza ya halali aliyowahi kuifanya, na ndiyo pekee aliyolazimika kuificha.

Wiki ya pili tu mlango uligongwa mchana, wakati Lyle na Bodie Kessler wako ndani, wamekaa juu ya magunia, midomo imejaa. Delmar akachungulia kwenye tundu, akawageukia akiwa amepauka. Wale mabwana wawili wakajitosa nyuma ya mapipa ya unga, Bodie akiwa na mkate mzima kwapani.

Aliyeingia alikuwa mama aliyejifunga kitambaa kichwani, miwani myeusi, kola imepandishwa hadi masikioni. Hakumtambua Delmar. Nusu ya uso wake haikuonekana, lakini ile sauti ilijulikana mji mzima.

"Nimesikia hapa kuna mkate," Bi Gretchen akasema. "Wa... ule wa zamani. Si wangu mimi. Kwangu kuna ndege, wanakuja bustanini. Nawalisha."

Nyuma ya mapipa kitu kilikwama kooni mwa mtu. Delmar alikohoa kwa nguvu kukifunika. Kisha akachagua mkate uliotoka tanurini wakati ule, wenye mvuke bado, akaukata vipande vinene.

"Hao ndege wako, mama," akauliza kwa heshima zote, "wanapenda na siagi?"

Bi Gretchen akatazama mlangoni, akatazama dirishani, kisha akatazama sakafu.

"Nyingi," akasema.